Cheni ya Baiskeli Huliwa kwa Ndani

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Wengi wenu mnapakia mkaa na madumu ya maji kwenye njia za Shinyanga kiangazi chote, na swali lenu nalijua: mbona cheni inakwisha upesi ilhali tunaipaka mafuta kila asubuhi? Mara nyingi inakwisha kwa sababu ya huko kupakwa.

Itazameni hii. Pingili zimeshikwa na pini, na juu yake zinazunguka rola. Msuguano unaoimaliza cheni uko mle ndani, pini inapogeuka kwenye tundu lake. Huko ndiko mafuta yanakotakiwa. Yanayobaki nje yanakamata vumbi, na vumbi lenye mchanga likichanganyika na mafuta linakula chuma kama msasa. Oili chafu ya gereji ndiyo mbaya zaidi: inanata, na imeshabeba masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini. Naomba tuiache.

Sugua cheni kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, ifute, iache ikauke kabisa. Kisha weka tone moja la mafuta ya cherehani juu ya kila rola huku ukizungusha pedeli kinyumenyume. Iache usiku kucha. Asubuhi ifute nje kwa tambara, ifute tena, mpaka ukiigusa kidole kibaki karibu safi. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye faida kubwa.

Kwa vumbi kavu la safari ndefu mimi napendelea mshumaa. Toa cheni, iondoe mafuta yote, maana nta haishiki juu ya mafuta. Yeyusha mishumaa kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto; usiweke kopo motoni moja kwa moja, nta huwaka. Tumbukiza cheni, itikise mpaka mapovu yaishe: ni hewa inayoipisha nta iingie kwenye rola. Ikipoa itakakamaa, ikunje pingili kwa pingili italegea. Mvua zikianza, rudi kwenye mafuta.

Sasa masikio. Ikipiga kelele nyembamba, imekauka. Ikisaga, ina mchanga: ioshe, usiongeze mafuta juu ya uchafu. Ikichomoka kila mara, imelegea au gurudumu la nyuma limekaa upande.

Pimeni kwa rula. Kutoka katikati ya pini moja, pini ya 24 inayofuata iwe kwenye inchi 12 kamili. Ikizidi milimita moja na nusu, nunua mpya. Ikifika milimita 3, friwili, ile gia yenye meno kwenye gurudumu la nyuma, nayo imeshaliwa, na cheni mpya itaruka ukikanyaga kwa nguvu mlimani. Usimlaumu muuza duka. Tazama meno ya friwili: yakiwa yamechongoka na kuinamia upande mmoja, badilisha vyote viwili pamoja.