Chonge Iliyokosa Kiti: Mazungumzo ya Meno Kutoka Mbeya

ATUPELE: Karibu msikilizaji, popote unapotusikia: Mwanjelwa, Tukuyu, Makambako, au kule Gangilonga, Iringa. Mimi Atupele, na pembeni yangu yupo kaka Lusajo, tabibu wa kinywa na meno. Ugonile, kaka.

LUSAJO: Ndaga, dada Atu. Habari za baridi?

ATUPELE: Tunavumilia, chai ipo. Leo naomba tuanze na la nyumbani kwangu, maana limenikaa moyoni. Binti yangu wa kwanza ana miaka 13. Chonge yake ya juu, upande wa kulia, imetokea juu kabisa kwenye fizi, nje ya mstari wa meno mengine. Akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani ni urithi, kwa sababu shangazi yake naye yuko hivyo. Wewe ulipomwangalia ukaniuliza aling'olewa gego la utotoni akiwa na miaka mingapi.

LUSAJO: Ukanijibu sita.

ATUPELE: Sita. Lilikuwa limetoboka, analia usiku kucha. Nikampeleka mahali, likang'olewa, maumivu yakaisha, tukarudi nyumbani na furaha. Hakuna aliyenieleza habari ya nafasi. Na mimi sikuuliza, maana tumezoea kusema meno ya utotoni yatatoka tu, ya nini kuhangaika nayo.

LUSAJO: Na urithi upo, sikatai. Mtoto anaweza kuchukua taya dogo la mama na meno makubwa ya baba, yakabanana bila kosa la mtu. Lakini kwa binti yako ushahidi ulikuwa palepale mdomoni. Jino la utotoni linatafuna, na pia linamshikia nafasi mwenzake aliye chini ya fizi. Mtoto ana meno 20 ya utotoni. Yale magego ya nyuma hukaa mpaka miaka 10, wengine 12. Sasa akifika miaka sita hivi, nyuma ya hayo yote huota gego la kwanza la ukubwani. Linaota bila kung'oa jino lolote, kwa hiyo wazazi wengi hawajui kwamba limekuja. Likikuta mbele yake pana pengo, linasogea taratibu kulijaza. Chonge ya juu huchelewa, huja kwenye miaka 11 au 12. Ikifika, nafasi imekwisha.

ATUPELE: Kama abiria anayesubiri basi Mafinga na tiketi yake mkononi. Basi linafika kutoka Mbeya limejaa, kiti chake kina mtu.

LUSAJO: Na anaishia kusimama mlangoni. Ndivyo ilivyo kabisa.

ATUPELE: Sasa pale nilipompeleka, wangefanya nini kingine? Mtoto alikuwa anaumwa kweli.

LUSAJO: Kama jino linaweza kuzibwa, lizibwe. Kama limeoza hadi halitibiki, ling'olewe, halafu mzazi aulize habari ya kishikilia nafasi. Ni kitanzi kidogo cha waya, kinafungwa kwenye jino la jirani, kinazuia lile gego la nyuma lisisogee. Na nikazie hapa: lile gego la miaka sita ni la ukubwani, halina mbadala. Nimeona wazazi wengi wakiomba ling'olewe wakidhani la utotoni. Mtoto ana miaka minane, anapoteza jino la maisha.

ATUPELE: Mzazi mwenzangu, hilo lisikupite. Tuje kwenye aina zenyewe. Watu husema "meno mabaya" wakimaanisha kila kitu.

LUSAJO: Mwaka 1899 Mmarekani mmoja, Edward Angle, aliyagawa matatizo haya katika makundi matatu kwa kutazama magego ya kwanza ya juu na chini yanavyokutana. Mpaka leo tunautumia mgawanyo wake. Cha kukumbuka hapo ni kwamba alitazama yanavyokutana. Mtu anaweza kuwa na meno ya mbele yamenyooka, akafumba mdomo ukakuta ya juu na ya chini hayapatani.

ATUPELE: Nipe mifano ambayo mama anaweza kuiona akiwa jikoni.

LUSAJO: Meno ya juu yaliyotangulia mbele. Huyu midomo haifumbi bila kulazimisha. Watu wanalitazama kwa jicho la sura, mimi naliogopa kwa sababu ya ajali. Mtoto akianguka uwanjani au kwenye baiskeli, yale meno ndiyo yanayopokea ardhi kwanza, yanavunjika. Mwingine ni kinyume chake, meno ya chini yanafunika ya juu na kidevu kimetangulia. Huyo aonwe mapema, taya likiwa bado linakua. Akishamaliza kukua, mara nyingine waya wa kupanga meno peke yake hautoshi, panahitajika upasuaji wa taya. Wapo ambao meno ya mbele hayakutani kabisa, akiuma kipande cha muwa hakikatiki. Wapo ambao ya juu yamefunika ya chini yote, hata ya chini yanachoma kaakaa.

ATUPELE: Na lile jino moja linaloingia ndani?

LUSAJO: Ahsante kwa kulitaja. Jino moja la juu limekaa nyuma ya la chini. Linaonekana dogo, lakini kila akifumba mdomo lile la chini linasukumwa nje, na fizi yake inaanza kushuka. Mtoto wa miaka minane au tisa, mwenye nafasi ya kutosha, mara nyingi hurekebishwa kwa kifaa cha kuvaa na kuvua chenye kispringi, kwa miezi michache. Akiachwa mpaka mkubwa, kazi inakuwa nyingine.

ATUPELE: Kunyonya kidole je? Bibi yangu alikuwa anapaka pilipili.

LUSAJO: Pilipili tuiache, inaumiza macho na kumtia mtoto hofu. Akiwa chini ya miaka minne, usihangaike. Lakini meno ya mbele ya ukubwani yakianza kuota, miaka sita au saba, awe ameacha, la sivyo meno ya mbele ya juu na ya chini yanaweza yasikutane. Na anayelala mdomo wazi, anakoroma, pua imeziba kila siku, apelekwe kwa daktari wa pua, masikio na koo. Nyama za nyuma ya pua zikiwa kubwa anahemea mdomo, na taya la juu linaweza kukua jembamba.

ATUPELE: Kaka, naomba nilitaje moja ambalo watu hawapendi kulizungumza. Meno ya plastiki.

LUSAJO: Tulizungumze. Mtoto mchanga ana homa, anaharisha, mtu anamfungua mdomo, anaona uvimbe mweupe kwenye fizi, anasema ni meno ya plastiki, anayachimbua. Kile anachokitoa ni chonge ya utotoni ambayo bado haijaota. Chini yake kuna mbegu ya chonge ya ukubwani, nayo inaweza kuumia. Baadaye jino linakuja limeharibika, au mahali pasipo pake, au lisije kabisa. Na hayo ni ya miaka ijayo. Siku ileile kuna damu na maambukizi, huku ugonjwa uliomleta mtoto haujatibiwa. Anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi na kituo cha afya.

ATUPELE: Yupo anayetusikiliza sasa hivi ambaye mkwe wake amemwambia ampeleke kwa mzee fulani. Dada, kataa. Sema umeambiwa na Atupele.

LUSAJO: Kataa kabisa.

ATUPELE: Upande mwingine kuna wanaokimbilia kutibu kisichoumwa. Rafiki yangu wa Uyole alitaka kumfunga waya mtoto wa miaka minane kwa sababu meno mawili ya mbele yameachana.

LUSAJO: Katika umri huo meno ya juu mara nyingi huachana, yakaelekea pembeni. Chonge zikishuka, husukumana na mwanya hufunga wenyewe. Tunapiga picha iwapo pengo ni kubwa sana au jino moja limechelewa, kuhakikisha hakuna jino la ziada limejificha katikati. Na mtu mzima mwenye mwanya wake anaoupenda, mwacheni na mwanya wake. Ni uzuri wetu huo tangu zamani.

ATUPELE: Binti yangu anaogopa waya. Anaambiwa shuleni kwamba meno yatalegea yote.

LUSAJO: Yanalegea kidogo, na hivyo ndivyo yanavyosogea. Jino halijagandishwa kwenye mfupa, limeshikiliwa na nyuzinyuzi. Waya ukilisukuma polepole, upande unaokandamizwa mfupa unaliwa, upande unaoachwa mfupa mpya unajengwa. Kwa mwezi ni kama milimita moja. Ndiyo maana kazi huchukua mwaka mmoja na nusu, miwili, wengine zaidi. Maumivu ni siku chache kila waya unapokazwa.

ATUPELE: Na chakula? Maana huyu kwa mahindi ya kuchoma haambiliki.

LUSAJO: Ayapukuchue, asing'ate gunzi. Muwa, mifupa na karanga ngumu avipumzishe, braketi, yaani vile vifungo vidogo vilivyogundishwa kwenye meno kushika waya, zitabanduka. Ugali, wali, ndizi, parachichi, hapo ana karamu. Apige mswaki baada ya kila mlo, kwa sababu chakula kikikaa kandokando ya braketi, meno hubaki na madoa meupe ya kuanza kuoza. Halafu jambo ambalo wengi hulikosea: waya ukitolewa, kuna kifaa cha kuzuia meno yasirudi. Wakikiacha kabatini, baada ya mwaka wanarudi wakilia.

ATUPELE: Wa Ludewa au Kyela atafanyaje? Nauli kila mwezi.

LUSAJO: Aulize kabla ya kulipa chochote. Anayefunga waya ni nani, amesomea kupanga meno? Atakuwepo kila baada ya wiki nne hadi nane, au anakuja mara moja na kuondoka? Mabingwa wa kazi hii ni wachache nchini, na Dar ni zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Waya uliofungwa ukaachwa bila mtu wa kuufuatilia unaweza kupeleka meno kusikotakiwa. Bora usubiri, ujipange, umpate wa kukaa naye mpaka mwisho.

ATUPELE: Kuna ujumbe wa sauti kutoka Njombe, mama wa miaka 41, anauliza kama amechelewa.

LUSAJO: Fizi zikiwa nzima na mfupa upo, hajachelewa. Ataanza na kusafishwa na kutibiwa fizi kwanza.

ATUPELE: Na mimi swali langu la mwisho. Mdogo wake binti yangu ana miaka tisa na nusu. Namwangaliaje?

LUSAJO: Nawa mikono, mkalishe kwenye mwanga wa dirisha. Pitisha kidole juu ya fizi ya juu kwa nje, kulia na kushoto, palepale chonge itakapotokea. Akikaribia miaka kumi unatakiwa uguse kivimbe kigumu pande zote mbili. Ukikipata upande mmoja tu, usisubiri, mlete tupige picha. Chonge iliyojilaza ndani inaweza kula mizizi ya meno ya jirani bila maumivu yoyote.

ATUPELE: Yuko shule mpaka saa tisa. Akirudi tu, kabla hajavua yunifomu.

LUSAJO: Nipigie uniambie.