Wakili wa Waliofilisika: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Sheria, Kampala

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, nanyi wanafunzi mliotoka Mombasa, Tanga, Arua na hapa hapa Kansanga, asanteni kwa kunialika.

Mmeniomba nieleze kazi ya wakili wa ufilisi. Nianze kwa kuwavunja moyo kidogo. Kazi hii haina kishindo cha kesi za mauaji. Sisi tunashinda na taarifa za benki na vitabu vya hesabu, na asiyejua kusoma mizania atapata tabu hata awe msemaji hodari kiasi gani.

Njia ya kuwa wakili mnaijua: shahada, kisha stashahada ya Law Development Centre, kisha kuandikishwa. Lakini ukitaka kuteuliwa kuwa mfilisi, yaani anayekusanya na kugawa mali ya aliyefilisika, au msimamizi wa kampuni, lazima usajiliwe kwa kazi hiyo, na huko utawakuta wahasibu na makatibu wa kampuni. Wahasibu hawa si watu wa kuwadharau. Mara nyingi wanatupiga bao.

Sheria yetu ya Ufilisi ni ya 2011, ikaanza kutumika 2013, ikarekebishwa 2022. Uzuri wake, kwa maoni yangu, ni kwamba haiharakishi kuzika. Kampuni inaweza kuwekwa chini ya msimamizi ili ijaribu kupona. Uganda Telecom iliingia huko 2017, na aliyekabidhiwa ni Mpokezi Rasmi, afisa wa serikali wa mambo ya ufilisi, ambaye ofisi yake iko URSB, idara ya usajili wa biashara.

Taabu ni kwamba wateja huja wakiwa wamechelewa. Mfanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka hapa Kampala, hunijia na kaveera, mfuko wa plastiki, iliyojaa karatasi. Tunazimwaga mezani: mkopo wa benki, sacco, wakopeshaji wa mtaani watatu. Chini kabisa kuna mkataba wa kuuza kiwanja chake, ameshausaini, tarehe imeachwa wazi. Namuuliza, "Mzee, kiwanja uliuza?" Ananijibu, "Hapana wakili, nilikopa tu." Karatasi hiyo ndiyo kesi yenyewe. Nitahitaji kuionyesha mahakama kwamba pale palikuwa na mkopo uliovalishwa nguo za mauzo.

Kisha natafuta hati ya madai. Mdai akishamfikishia mdaiwa hati hiyo kwa utaratibu wa sheria, mdaiwa ana siku 20 za kazi. Zikipita kimya, sheria inamchukulia kuwa hawezi kulipa, na mdai anaweza kwenda kuomba atangazwe mufilisi. Wengi huikunja wakaificha mke asiione. Angeniletea mapema, ningeweza kumwombea amri ya ulinzi ya muda, wadai wakasimama kidogo, tukakaa nao tukapatana. Watu wetu wanauogopa ufilisi kuliko kifungo cha madai, na mimi sijawahi kuelewa kwa nini. Kukaa jela ya Luzira hakulipi deni la mtu.

Wanasiasa nao wana sababu yao ya kuogopa. Ibara ya 80 ya Katiba inamzuia aliyetangazwa mufilisi na hajaachiliwa kuwa mbunge. Kwa hiyo mdai wa mheshimiwa ana fimbo ambayo mdai wa muuza mitumba hana, na mkiwa upande wa mdai mtashawishika kuitumia kama kitisho. Msikubali.

Wale mnaopenda nadharia, someni kesi ya Crane Bank. Benki Kuu iliichukua Oktoba 2016, na Januari 2017 biashara yake ikaenda benki ya dfcu. Baadaye Crane Bank, ikiwa chini ya mpokezi, yaani aliyekabidhiwa mali zake, ikamshtaki aliyekuwa mwenye hisa mkubwa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliitupa kesi, na hoja kubwa ilikuwa kwamba benki iliyo katika hali hiyo haina haki ya kushtaki. Mabilioni yote yale yakakwama mlangoni, kabla hata ya kufika kwenye ushahidi. Basi kabla hamjafungua kitabu cha hesabu, ulizeni kwanza: nani ana uwezo wa kusimama mahakamani?

Najua kuna swali linawawasha: nani anamlipa wakili wa mtu asiye na kitu? Mali ikigawanywa, malipo na gharama za mfilisi hutangulia, ndipo waje wafanyakazi na mishahara yao wanayodai. Lakini foleni hiyo ina maana pale tu penye mali. Kwa hiyo mimi hupokea malipo ya awali kabla ya kufungua faili, na mteja akisema hana, namwelekeza kwenye msaada wa kisheria. Haya, dada pale nyuma, naona umenyoosha mkono tangu zamani.