Jinsi ya kuitambua Landrova ya kale njiani kwenda Sandakphu

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa niliposimama ni Maneybhanjang, mji mdogo wa mlimani mpakani mwa India na Nepal, kama kilomita 26 kutoka Darjeeling. Ngurumo mnayoisikia nyuma yangu ni Landrova ya miaka ya hamsini inapashwa moto. Sasa hivi itapakia watu na mizigo na kuanza kupanda kilele cha Sandakphu, kilomita 31 za kona na makorongo, hadi mita 3,636 juu ya usawa wa bahari. Magari haya yaliletwa na Waingereza wenye mashamba ya chai. Wao wakaondoka, magari yakabaki, na mafundi wa hapa ndio walioyaweka hai mpaka leo. Mimi hilo linanigusa sana.

Kwanza, panga safari yako. Usije kati ya tarehe 15 Juni na 15 Septemba, maana hifadhi ya Singalila, ambamo barabara hii hupita, hufungwa wakati wa masika yao. Beba pasipoti, itakaguliwa njiani. Kisha wahi stendi asubuhi, kabla magari hayajaondoka.

Pili, toa sumaku. Ndiyo, hii hii ndogo ya kubandika kwenye friji. Usianze na rangi wala kibao cha jina, hivyo hubadilishwa kila mara. Omba ruhusa kwanza, halafu tazama: naiweka mlangoni, inateleza na kuanguka. Naiweka kwenye digadi, inaanguka. Sasa naisogeza kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva... imenasa! Gari hili lilizinduliwa Aprili 1948, Uingereza ikiwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Chuma kikabaki kwenye chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, kwenye ukuta huo na kwenye mikanda ya kingo. Ndiyo maana bati la miaka sabini limebonyea kila mahali lakini halijaliwa na kutu.

Kama sumaku inanasa kila unapoigusisha, huenda uko mbele ya gari aina ya jipu (Jeep). Kampuni ya Mahindra ilianza kuunganisha jipu za Willys, za Kimarekani, huko India mwaka 1947, na zimejaa huku milimani. Utaijua kwa matundu saba yaliyosimama wima mbele, na nyingi zina boneti iliyoinuka juu kuliko kawaida. Nayo ni gari la heshima, ipige picha pia.

Tatu, taa. Landrova za mwanzo kabisa, hadi mwaka 1950, taa zake kubwa zimejificha nyuma ya wavu wa mbele. Baadaye wavu ukakatwa, taa zikachungulia nje. Ukikuta taa ziko pembeni, juu ya madigadi, hiyo ni ya mwishoni mwa miaka ya sitini au baada ya hapo. Sasa tembea ubavuni. Series I, yaani toleo la kwanza la Landrova, ubavu wake ni bapa kama sanduku. Series II, toleo la pili lililotoka 1958, ina bega lililopinda chini ya madirisha. Pitisha kiganja hapa, utalihisi.

Nne, futi ya fundi. Hapa ndipo penye ushahidi mkubwa, kwa sababu taa na milango huhamishwa kutoka gari moja hadi jingine, lakini urefu wa chesisi ni vigumu kuudanganya. Mwombe dereva anyooshe magurudumu, kisha pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha lile la nyuma. Sentimita 203 ni inchi 80, yaani gari la 1948 hadi 1953. Sentimita 218 ni inchi 86, iliyofuata 1954. Sentimita 223 na nusu ni inchi 88, iliyoanza 1956. Ukipata sentimita 277, hiyo ni inchi 109, ileile tuliyoizoea Afrika Mashariki. Hii ya leo, shika ncha ile hapo... 218. Basi tuko katikati ya miaka ya hamsini, na ubavu wake bapa unakubaliana na futi.

Mwisho, zungumza na dereva. Watu wa hapa wengi husema Kinepali, kwa hiyo msalimie "namaste" na umwite "dai", maana yake kaka. Usimsumbue akiwa anafunga mizigo. Mwombe afungue boneti, na uulize injini imetoka wapi, kwa sababu Landrova nyingi zimewekewa injini za dizeli za Kihindi. Wapo wanaosema gari la namna hiyo si halisi tena. Mimi sikubaliani nao kabisa. Bila injini hiyo lingekuwa vyuma chakavu zamani sana.

Piga picha ya mbele, ya ubavu, ya dashibodi, na ya kibao cha namba ya chesisi kama kipo. Kisha panda, kaa upande wa dirisha, na ushike bomba kwa mikono miwili. Dai ameshapiga honi.