Mkasi wa Bwana Mdogo

[Muziki unashuka]

REHEMA: Karibuni tena. Mimi ni Rehema, na mwenzangu ni yuleyule, bado hajapatikana mwingine. Shikamoo kaka Mussa.

MUSSA: Marahaba. Mbona umeniamkia kwa sauti ya baraza la usuluhishi?

REHEMA: Nina kesi. Ila si na wewe. Bado.

MUSSA: Basi kesi isubiri, maana leo nimejiandaa. Tulikubaliana tuzungumzie ubaguzi kwenye madarasa ya watoto wadogo. Nina karatasi hapa, mambo matano, nimeyakeshea. La kwanza: wanasesere. Marekani, miaka ya 1940, kulikuwa na wanasaikolojia wawili, mtu na mkewe, Kenneth na Mamie Clark...

REHEMA: Wanasesere hawali, hawachachi, watasubiri. Jumanne bwana mdogo karudi shule na uzi mwekundu mkononi.

MUSSA: Bwana mdogo yule wa simu kwenye ndoo ya maji?

REHEMA: Huyohuyo. Miaka mitano sasa, yuko darasa la awali. Na wasikilizaji wetu wa zamani wanajua ni mashoto. Kijiko, chaki, jiwe la kumrushia paka wa jirani, vyote kushoto. Sasa karudi na uzi kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Mimi nikadhani urembo, kafungwa na rafiki. Namuuliza, nani kakufunga? Mwalimu. Wa nini? "Wa kunikumbusha mkono mzuri."

MUSSA: Lo.

REHEMA: Ngoja. Akaunyanyua ule wa kushoto, akaugeuza mbele na nyuma kama anatafuta uchafu, akaniuliza: "Mama, kwani huu umefanya nini?"

MUSSA: ...Ulimjibu nini?

REHEMA: Nilimwambia aende akaoge. Sikuwa na jibu, kaka. Nikakaa jikoni nawaza. Mwalimu sikuwa hata na hasira naye, maana kiswahili chenyewe kimeshamhukumu mtoto. Huu tunauita wa kulia, yaani wa kulia chakula. Wa kwake tunauita nini?

MUSSA: Na umesahau kuume. Kwenye Biblia zenu mnaketi mkono wa kuume, si ndiyo? Kuume ni uanaume huo. Sasa wazee wa pwani, bibi yangu Pangani mmojawapo, mkono wa kushoto waliuita mkono wa kike.

REHEMA: Kwa hiyo mwanangu anaandika kwa mkono wa kike, na mimi mama yake nimekaa tu.

MUSSA: [anacheka] Nimekupa mtaji wa ugomvi, najuta. Lakini si sisi peke yetu, Kilatini kushoto ni sinister, ukatazame Waingereza wamelifanyia nini neno hilo. Haya, tuseme umemaliza, wale Clark walichukua wanasesere wanne...

REHEMA: Sijamaliza. Jumatano nikaenda shule.

MUSSA: Mungu wangu.

REHEMA: Kwa adabu! Mwalimu ni binti mdogo, mpole, kanipokea vizuri, kanipa kile kiti kimoja cha watu wazima. Anasema, "Mama, namsaidia, akifika la kwanza atahangaika." Nikamwambia watu wa namna yake ni kama mmoja katika kila kumi, hajamwona Obama anavyosaini? Akatabasamu tu. Kisha akaniambia, "Njoo uone mwenyewe." Watoto walikuwa wanakata maumbo. Karatasi ya rangi, duara, pembetatu, kila mmoja na kale kamkasi kadogo ka plastiki. Wenzake wanakata kra-kra-kra. Wangu anabana, karatasi inajikunja katikati ya mkasi. Anabana tena, inajikunja. Mwalimu ananiangalia: "Unaona, mama? Mkono huu hauwezi."

MUSSA: Sasa hapo kakushinda kwa ushahidi.

REHEMA: Ushahidi gani? Mkasi una mkono!

MUSSA: Una nini?

REHEMA: Mkasi wa kawaida umetengenezwa kwa mkono wa kulia. Ukitumia kushoto haukati vizuri.

MUSSA: Rehema. Mkasi ni visu viwili na msumari katikati. Mkasi haujui umeshikwa na nani.

REHEMA: Unajua!

MUSSA: Mimi nimefundisha miaka kumi na moja. Nimekata maua ya karatasi ya siku ya wazazi mpaka vidole vikaota sugu. Mkasi hauna mkono, dada yangu.

REHEMA: Fundi, tuna mkasi humo ndani?

[Kelele za droo. Mlango.]

MUSSA: Huu ndio tunaoutumia kukatia nyaya?

REHEMA: Huohuo. Shika hiyo karatasi yako.

MUSSA: Hii ina mambo yangu matano!

REHEMA: Kata pembeni. Kwanza kulia.

[Kra. Kra.]

MUSSA: Swafi kabisa.

REHEMA: Sasa kushoto. Usiuzungushe, shika kama mtoto anavyoshika.

[Kimya. Karatasi inachakarika.]

MUSSA: Subiri. Mkono haujazoea tu.

REHEMA: Wasikilizaji, karatasi imejikunja.

MUSSA: Haijajikunja, imelala. Ngoja nibane zaidi. ...Ah! Mambo gani haya?

REHEMA: Fungua mkasi uangalie. Ukibana kwa kulia, dole gumba linasukuma kwa nje na vidole vinavuta kwa ndani, zile bapa mbili zinasuguana, zinakata. Kwa kushoto nguvu ileile inaziachanisha. Karatasi inapita katikati, inakunjwa. Halafu bapa la juu linaziba mstari, huoni hata unapokata.

MUSSA: Kwa hiyo ungetengenezwa kinyume...

REHEMA: Ipo ya namna hiyo, inauzwa. Nimeagiza jana kwa mtu Kariakoo, ananiuliza, "Ya vinyozi?"

[Kra... kra...]

REHEMA: Mussa, acha.

MUSSA: Nimepata ujanja. Ukiubana hivi, kama unavuta dole gumba ndani... imekata! Sentimita moja. Weka kwenye rekodi.

REHEMA: Mtu mzima, mwalimu wa miaka kumi na moja, sentimita moja. Tena umekata jambo la ngapi?

MUSSA: La nne. Lugha ya nyumbani. [kicheko] Lugha imekwenda.

REHEMA: Na ujue mkasi ndio mwanzo tu. Dawati wanakaa watatu. Wangu wamemweka mwisho wa kulia, kwa hiyo kiwiko chake na kiwiko cha mwenzake vinapigana kutwa nzima. Anaambiwa mchokozi. Angekaa mwisho wa kushoto, kiwiko kingebaki nje, ugomvi umekwisha. Haihitaji bajeti.

MUSSA: Hilo la dawati nakubali. Na daftari uligeuze kidogo, lilale upande wa kulia, asipindishe kiganja kama ndoano. Maana sisi tunaandika kuelekea kulia, mkono wa kushoto unapita juu ya ulichokwisha andika. Wino wote kiganjani.

REHEMA: Ulikuwa unayajua hayo?

MUSSA: Nimejifunza kwa mashoto mmoja, mtu mzima. Tena fikiria, Kiarabu kinaandikwa kutoka kulia. Mashoto pale mkono unatangulia mbele, hauchafui kitu. Yaani kwa hesabu ya wino, chuoni bwana mdogo angewapita wote!

REHEMA: Na ustadhi angemruhusu?

MUSSA: Hapo sasa. Ustadhi angemfunga nyuzi nyekundu mbili. [anacheka] Fundi, usikate hapo, mke wangu hasikilizi.

REHEMA: Anasikiliza. Sasa nifike kwenye yenyewe. Kabla sijaondoka nikamwomba mwalimu mambo mawili. Aufungue uzi. Na saa nne wakinywa uji na kula vitumbua, amwache ale kwa mkono anaotaka.

MUSSA: Hapo kwenye vitumbua umeniacha kituoni.

REHEMA: Nilijua.

MUSSA: Kuandika, sawa. Kukata, umenishinda mbele ya mashahidi. Kula ni kitu kingine. Kwangu mimi kula kwa kulia ni dini, ni adabu, na ni usafi. Kushoto kuna kazi yake, tusiitaje asubuhi hii.

REHEMA: Watoto wananawa mikono yote miwili. Nimeiona sabuni.

MUSSA: Si suala la sabuni. Darasani mle kuna watoto wa nyumba kama yangu. Mwanangu anaona mwenzake anakula kwa kushoto na mwalimu kanyamaza. Akirudi nyumbani namwambia nini?

REHEMA: Mwambie yule ni mashoto.

MUSSA: Akiniambia na mimi leo nataka kuwa mashoto?

REHEMA: Jaribu kukata karatasi, mwanangu, utaacha siku hiyohiyo.

MUSSA: [anacheka] Hapana, sikiliza. Mnasema shule iheshimu tofauti. Mimi na desturi ya nyumbani kwangu ni tofauti pia, au sisi ndio tunaotakiwa kuhama? Bibi yangu alikuwa na mjukuu mashoto, yule binamu yangu, fundi cherehani sasa. Aliandika kushoto, akashona kushoto, na sinia likija, kulia. Hakuna aliyemfunga uzi. Hakuharibika.

REHEMA: Ulimuuliza?

MUSSA: Nini?

REHEMA: Kama hakuharibika.

MUSSA: ...Ni mtu mwenye furaha.

REHEMA: Hujamuuliza. Mtoto wa miaka mitano huwezi kumgawa, mkono huu mzuri saa tatu, ukifika uji mbaya. Hasikii "adabu ya mezani." Anasikia mkono wangu una kosa. Nyumbani kwako, kwenye sinia lako, sawa, nitamwambia mimi mwenyewe: kwa mjomba Mussa tunakula kwa kulia. Lakini shule ni ya wote, na mwalimu hakuajiriwa kunisahihishia mtoto alivyoumbwa.

MUSSA: Wala hakuajiriwa kufuta kila nyumba inachofundisha. Na yule binti umemwonea kidogo. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto ishirini na tano. Yeye ana wangapi?

REHEMA: Nilihesabu hadi sitini na kitu, wakaanza kukimbia.

MUSSA: Tazama! Tangu elimu ifanywe bila ada mwaka 2016 watoto wamejaa, heri tele, walimu ni walewale. Hana nafasi ya kufikiria kiwiko.

REHEMA: Ya kukata uzi sitini hana, huo mmoja alipata.

MUSSA: Nikwambie kitu. Sijawahi kukisema hapa. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na mtoto mwenye ualbino. Nilimweka nyuma. Nilimwona mzito, hanakili, macho yanachezacheza, nikasema huyu hasikilizi. Na kofia nikamvua, haikuwa sare. Haoni ubao, Rehema. Wengi wao uoni wao ni hafifu, alitakiwa mbele kabisa, mbali na mwanga wa dirisha, na kofia yake kichwani. Nilikuja kuelezwa na mama yake muhula wa pili. Sikuwa na roho mbaya.

REHEMA: Najua hukuwa nayo.

MUSSA: Basi na yule binti hana.

REHEMA: Lakini yule mtoto muhula mzima alikaa nyuma, roho yako ikiwa nzuri.

[Kimya kirefu.]

MUSSA: Kwa kula bado sikubali.

REHEMA: Na mimi uji sirudishi.

MUSSA: Fundi anaonyesha vidole. Vingapi hivyo?

REHEMA: Dakika tatu. Mkono gani huo, fundi? Kushoto! Nimekuona! Kumbe tuna mtu wetu!

MUSSA: Anasema ameshika kikombe cha chai kulia.

REHEMA: Msaliti.

MUSSA: Dakika tatu, mambo matano. Twende mbio. Wanasesere wanne, sawa kwa kila kitu isipokuwa rangi. Watoto weusi wa miaka mitatu hadi saba wanaulizwa: yupi mzuri, yupi mbaya, yupi anafanana na wewe? Wengi wakamchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta kutenganisha watoto shuleni kwa rangi, na kazi ya akina Clark ilitajwa kwenye hukumu. La pili...

REHEMA: Umesema "yupi mzuri."

MUSSA: Ndivyo walivyouliza.

REHEMA: Mkono mzuri.

MUSSA: ...Usiniharibie, nina dakika mbili. La pili, rangi ya penseli. Ile ya waridi ambayo watoto wanaiita rangi ya ngozi. Crayola wenyewe waliiita "Flesh" mpaka 1962. Ngozi ya nani? La tatu, majina ya makabila. La nne...

REHEMA: La nne ulilikata.

MUSSA: La nne limekatwa, kwa mkono wa kushoto. La tano... hapa mwandiko wangu siusomi.

REHEMA: Soma kwa jicho la kuume.

MUSSA: [kicheko] Wiki ijayo basi.

REHEMA: Wiki ijayo ni mahari, tumeshaahidi watu. Wenye mashoto nyumbani tutumieni sauti, hasa kama mlifungwa uzi au zaidi ya uzi. Na yule binamu fundi cherehani, kaka, mpigie. Muulize.

MUSSA: Nitamuuliza mkasi wake kanunua wapi.

REHEMA: Na lile lingine.

MUSSA: Nikiwa na salio.

REHEMA: Uzi wenyewe, kwa taarifa yenu, ulifunguliwa Alhamisi. Bwana mdogo kamfunga paka.

MUSSA: Mguu gani?

[Kra... kra...]

REHEMA: Weka mkasi chini, Mussa. Fundi, piga muziki.

MUSSA: Sentimita mbili sasa!

[Muziki]