Umetumwa Ukague Nyumba Malindi? Usianze na Bahari

Hamjambo nyote, hasa nyinyi mlioko Malindi, Watamu na Mambrui. Video ya leo si ya sisi tulio huku Ulaya. Ni yako wewe unayepigiwa simu usiku ukaambiwa, "Nenda kaniangalizie ile nyumba, unitumie picha." Pesa ni za ndugu yako, lakini macho ni yako. Usipojua cha kutazama utamtumia picha ya bahari, naye atatoa arubuni kwa sababu ya bahari.

Beba vitu vichache: sarafu ya shilingi 20, chaki, rula, ndoo, kipande cha sabuni ya kufulia, na ukiweza kile kipimo cha chumvi ya maji kinachofanana na kalamu.

Ukifika, usiingie sebuleni. Simama chini ya roshani, utazame juu. Kuta za mawe ya matumbawe zina umri mrefu. Ugonjwa wa nyumba za Pwani uko kwenye zege lenye nondo, yaani vyuma vya ndani: slabu (bamba la zege la roshani au la sakafu ya juu), lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha), nguzo. Kama aliyejenga alichota mchanga ufukweni kwa kuwa ni wa bure, chumvi imo ndani ya zege tangu siku ya kwanza. Na hata kama mchanga ni wa mto, upepo wa bahari huleta chumvi kila siku. Chumvi ikifika kwenye nondo, nondo hushika kutu. Kutu huvimba, na ikivimba husukuma zege mpaka lipasuke. Kwa hiyo ufa wa kuogopa ni ule ulionyooka kama uzi, kwa sababu unafuata nondo, na mara nyingi una doa la rangi ya chai kando yake. Nyufa ndogo za plasta zinazotawanyika kama utando wa buibui zisikutie hofu.

Sasa chukua sarafu. Gonga slabu kuanzia ukutani kwenda ukingoni, kila baada ya shubiri moja. Zege zima hulia kikavu, ti, ti, ti. Lililoachana na nondo hulia bo, bo, kama kifuu. Kila panapolia bo, zungushia chaki, kisha piga picha slabu nzima na maduara yake. Palipokwisha kumeguka, pima kwa rula unene wa zege lililokuwa limefunika nondo. Karibu na bahari inafaa iwe sentimita 4 hadi 5. Ukikuta moja na nusu, sehemu nyingine za slabu hiyo zinasubiri zamu yao. Fundi akisema atapiga plasta tu, mkatalie. Zege bovu hubomolewa mpaka nyuma ya nondo, kutu isuguliwe yote, na nondo iliyolika sana iongezewe nyingine. Hiyo ni gharama ya kutoa kwenye bei, wala si ya kugundua baada ya kuhamia. Na ukiona dari ya roshani imepakwa rangi juzi ilhali kuta ni kuukuu, gonga mara mbili zaidi.

Tuje kwenye maji. Maji ya mfereji ya Malindi hutoka Baricho, kwenye mto Sabaki, na mitambo hiyohiyo hulisha mpaka Mombasa. Pampu zikisimama au bomba likipasuka, mji mzima unangoja. Usimwulize dalali kama maji yapo. Waulize majirani watatu yalifika lini mara ya mwisho na yalikaa siku ngapi bila kutoka. Kisha hesabu: watu watano wakitumia lita 100 kila mmoja ni lita 500 kwa siku, kwa hiyo tangi la lita 5,000 ni siku kumi. Tazama pia kama paa lina mifereji ya kukingia mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, na masika ya Aprili hadi Juni hunyesha kwa wingi. Ni haramu kuyaacha yapotee.

Kama kuna kisima, chota ndoo, osha mikono kwa sabuni. Povu likikataa na sabuni ikigandana, hayo ni maji magumu. Kipimo kikisoma zaidi ya 1,000 kwa ppm (miligramu kwa lita), utayafulia na kuyadekia, lakini hutayanywa. Pima, washa pampu saa nzima, pima tena. Nambari ikipanda, pampu inavuta maji ya bahari kutoka chini. Ukiweza, pima Machi, mwisho wa kaskazi, kisima kinapokuwa na hali mbaya kuliko wakati wowote wa mwaka.

Hapo hapo uliza choo kiko wapi. Utasikia muuzaji akijisifu: "Shimo hili miaka kumi na tano halijajaa!" Ndugu yangu, hiyo si sifa. Jiwe la matumbawe lina matundu. Shimo lisilojaa linavuja moja kwa moja mwambani, na kisima kinachota kutoka mwamba huohuo. Hesabu hatua kati ya viwili hivyo, pamoja na vyoo vya majirani. Mita 30 ndiyo kadiri inayotajwa, na kwenye mwamba wenye nyufa hata hiyo haitoshi kukupa amani. Tazama pia kama gari la kunyonya maji taka linaweza kufika getini. Katika vichochoro vya mji wa kale haliingii.

Kama nyumba iko mbele ufukweni, nenda siku ya bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, saa maji yamejaa kabisa, uone yanafika wapi. Upande wa Sabaki, waulize wazee maji ya mto yalifika wapi mvua za mwishoni mwa 2023.

Makuti yanapendeza, nakubali. Lakini paa lake linataka mwinamo wa kama nyuzi 45. Likilala zaidi, maji hukaa na makuti huoza. Waya za stima juu yake zipite ndani ya mabomba. Tazama na paa la jirani: makuti yake yakishika moto wakati wa kusi au kaskazi, cheche zitaruka kwako.

Karatasi ni za wakili na mpima ardhi, lakini swali la kwanza uliza wewe: "Ardhi ni ya nani?" Pwani yetu mtu anaweza kuwa na nyumba yake halali kabisa juu ya ardhi ya mwingine, akilipa kodi ya ardhi kila mwaka. Ukinunua hapo umenunua kuta. Uliza kama ni wakfu, maana wakfu hauuzwi. Kama ni mirathi, taka uthibitisho wa mahakama. Kabla ya hapo hakuna mrithi mwenye ruhusa ya kuuza. Muuzaji akiwa na mke au mume, ridhaa yake iwe kwa maandishi. Na mwambie ndugu yako: kama alichukua uraia wa kigeni kabla ya Katiba ya 2010 na hajaurudisha wa Kenya, sheria inamhesabu mgeni, na mgeni hukodishiwa ardhi kwa miaka isiyozidi 99. Atenge pia ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani ndani ya manispaa.

Sokoni, shule, hospitali, barabara ya lami: hayo utayaona mwenyewe. Panda tuktuk kutoka mjini, andika nauli na dakika. Ila rudi tena saa nne usiku. Sikiliza muziki wa baa, jenereta ya hoteli ya jirani, mbwa. Nusa harufu ya shimo. Tazama kama taa za njiani zinawaka. Rekodi yote kwa mkupuo mmoja, kutoka barabara kuu mpaka mlangoni, bila kukata, uitume hivyohivyo.