Pezi la Tilapia na Vidole Vyetu

Wazee wetu, mama zetu, na ninyi wanafunzi mliopanda vilima vya Bukavu na jua hili, asanteni. Huyu ni tilapia wa soko la Kadutu. Ningeleta sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu, ni rahisi zaidi, ila pezi lake wa nyuma wasingeliona.

Tazameni pezi la ubavuni. Nikilivuta linafunguka kama mwavuli. Vijiti hivi vyembamba si mfupa wa aina ya mkono wako. Mfupa wa mkono huanza kama gegedu, ile laini kama ya sikio, ndipo ugumu ukaja. Vijiti hivi gegedu havilijui, huota moja kwa moja chini ya ngozi. Mifupa ya aina ya mkono samaki anayo, lakini midogo, imejificha hapa kwenye shina. Ndiyo maana kwa muda mrefu ilisemwa kwamba pezi la samaki wa kale lilipogeuka mkono, vijiti vilipotea, vidole vikaja vipya, wala havina undugu. Hata mimi nilifundisha hivyo.

Jeni zikaleta maneno mengine. Panya akikosa jeni mbili ziitwazo Hoxa13 na Hoxd13, mkono wake unaanza vizuri, bega lipo, kiwiko kipo, halafu vidole hakuna. Mwaka 2016 kundi la mtafiti Neil Shubin, wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, liliharibu jeni za ukoo huo huo katika samaki mdogo mwenye mistari kama ya punda milia. Vijiti vya pezi vikakaribia kwisha. Na kule kwenye shina, vimfupa vya gegedu vikaongezeka! Yaani jeni inayomalizia mkono wa panya ndiyo inayomalizia pezi. Fundi ni yule yule, kilichobadilika ni kazi aliyopewa.

Shubin huyo na wenzake ndio waliomchimbua Tiktaalik, samaki wa kale aliyegeuka jiwe, mwaka 2004, kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, kwenye miamba ya miaka kama milioni 375. Ndani ya pezi lake mna mfupa mmoja, kisha miwili, kisha vipande kama vya kifundo cha mkono wako, na vijiti bado vinaning'inia pembeni.

Mama pale mbele anauliza kama basi babu yetu ni tilapia. Hapana, mama. Huyu ni binamu, alishika njia yake zamani sana.

Kisu kiko mezani. Mmoja wenu aje akate hapa nyuma ya shavu, taratibu, aondoe nyama. Mtaona vimfupa vinne vimepangana mstari mmoja, na karibu vijiti vyote vimeegemea hapo.