Muda wa Kuambukiza: Jambo Linalosahaulika Katika Magonjwa ya Zinaa

Mabibi na mabwana, magonjwa ya zinaa katika nchi zinazoendelea yakitajwa, mazungumzo huanza na tabia: wingi wa wapenzi, ulevi, kuanza ngono mapema, kutotumia kondomu. Sikanushi hata moja kati ya hayo. Hata hivyo, kuenea kwa ugonjwa hutegemea mambo matatu kwa pamoja, yaani uwezekano wa kuambukizwa katika tendo moja, kasi ya kubadili wenza, na muda ambao mgonjwa hubaki akiambukiza. Nami nitashughulika na hilo la tatu, ambalo umaskini wa huduma huliathiri moja kwa moja.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya milioni 374 ya kisonono, klamidia, kaswende na trikomona mwaka 2020, kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Yote manne yana tiba. Lakini wanawake wengi wenye klamidia hawahisi chochote, na pasipo na maabara mhudumu hutibu kwa kufuata dalili, utaratibu unaomfaa mwanamume anayetokwa usaha na kumwacha kabisa mwanamke asiye na dalili. Kwake, bakteria huweza kupanda taratibu hadi mirija ya uzazi na kuacha makovu, na ugumba ukitokea lawama zote humwangukia yeye.

Mwenye dalili naye ana vikwazo vyake. Msichana anaulizwa dirishani anaumwa nini, huku foleni nzima nyuma yake ikisikiliza na baadhi yao wakimfahamu mama yake. Atasema kichwa. Au atakwenda duka la dawa na kununua vidonge vya siku mbili badala ya saba, kwa kuwa ndivyo anavyovimudu. Maumivu yakipungua atajihesabu amepona. Matumizi ya namna hiyo ni miongoni mwa sababu za usugu wa dawa, na siprofloksasini, iliyokuwa tegemeo dhidi ya kisonono, leo haitegemewi tena katika sehemu kubwa ya dunia.

Anayetibiwa kikamilifu hupewa kadi ya kumwita mwenza. Kwa mke anayemtegemea mume kwa chakula na kodi ya nyumba, kuifikisha kadi hiyo ni kujitafutia kipigo au talaka, hivyo huificha, humeza dawa zake kimya, na huambukizwa upya. Sioni haki ya kumwita mwanamke huyo mkaidi.

Ushahidi upo. Mkoani Mwanza, Tanzania, kati ya 1991 na 1994, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa haya, wakapatiwa dawa bila kukatika na kusimamiwa mara kwa mara. Kwa kuwa magonjwa haya hurahisisha kuambukizwa VVU, watafiti walipima VVU pia: maambukizi mapya yalipungua kwa takriban asilimia 40 kulinganisha na jamii zisizopata huduma hiyo, ilhali tabia za ngono zilizoripotiwa hazikubadilika. Rakai, nchini Uganda, watu walipewa dawa za magonjwa ya zinaa kwa pamoja kila baada ya miezi 10, na VVU haikupungua. Baadhi ya watafiti hueleza kwamba janga la VVU la Rakai lilikuwa limekomaa zaidi, yaani virusi vilikuwa vimekwisha kuenea sana, hoja yenye uzito. Lakini anayeambukizwa wiki moja baada ya kampeni kupita angesubiri miezi mingapi, wakati mwenzake wa Mwanza angetibiwa siku yoyote dalili zilipomtokea?